Jiwe la Majina Sitini na Mawili

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili nimelinunua jana Cabramatta, hapa Sydney, nilipofuata dagaa na ndizi za kupika. Nitaliandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, ndicho nilichojifunza kuandika kambini Kigoma, darasa la watu wazima chini ya turubai. Pili, Iteka hakisomi. Kukisikia anakisikia chote, hata umbea wangu wa kwenye simu, lakini ukimwekea maandishi mbele anachoka mstari wa pili na kusema kwa Kiingereza kwamba kichwa kinamuuma. Basi humu niko salama.

Leo baada ya ibada Olivier, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Warundi, ametangaza kwamba kaunsili, yaani halmashauri ya mji, imekubali. Tutawekewa jiwe la kumbukumbu katika bustani ya mji huu mdogo wa kusini tunakosalia, vituo kadhaa mbele ya Campbelltown, karibu na jiwe la zamani la wanajeshi wao. Letu litachongwa majina ya ndugu zetu waliofia kambini. Kambi ilifungwa, makaburi yakalimwa mihogo, hakuna pa kwenda kuweka hata ua moja. Watu walilia. Mimi nililia kuliko wote mpaka wakanipisha kiti. Walidhani nalia kwa furaha.

Jumatano, 5 Machi

Niliandike mara moja nipumue.

Mimi si Ninahazwe. Ninahazwe Yvette alikuwa dada yangu mkubwa, na alikufa kwa kipindupindu kambini mwaka 2000. Mimi ni Nahimana. Kambini tulikuwa na sheria yetu ambayo hakuna aliyeiandika: mtu hufa, kadi haifi. Mtu akifariki, jamaa zake hawakuripoti ofisini, kwa sababu kadi yake ya chakula ikifutwa na unga wake umefutwa. Tulizika alfajiri tukanyamaza. Mimi nilifika kambini uandikishaji ukiwa umefungwa, sina kadi, nakula cha dada. Alipokufa aliacha kadi, na aliacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nilichukua vyote viwili. Bloku nzima ilijua, na kila mlango ulikuwa na lake la kuficha.

Miaka minane baadaye Australia ikaita watu kwa mahojiano. Aliyeitwa ni Ninahazwe Yvette na binti yake Iteka. Ningesema nini? Nilifunga kitenge changu nikaenda. Nimeapa uraia kwa jina hilo, mkono juu, nikapewa na mche wa maua. Kwa karatasi nina miaka hamsini na minane. Kwa mama aliyenizaa nina hamsini na miwili, na magoti yangu yanakubaliana na karatasi.

Iteka hajui. Ana miaka ishirini na sita, ananiita Mama, na kwetu mama mdogo ni mama, hilo si uongo. Uongo ni yaliyobaki yote.

Nataka jina la dada yangu liwe kwenye jiwe lile. Sitaki kingine. Na ndilo jina pekee lisiloweza kuandikwa, maana mwenyewe kwa serikali yuko hai, anafua mashuka katika nyumba ya wazee Campbelltown, shifti ya asubuhi.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Mashuka.

Jumapili, 16 Machi

Haya sasa. Olivier ameeleza utaratibu. Majina yatatoka kwenye daftari la Mzee Égide, na kila jina lazima ndugu wa marehemu alisainie fomu ya kaunsili, aandike alihusiana naye vipi na aonyeshe kitambulisho. Olivier ni mtu mwema, lakini anapenda fomu kuliko chakula.

Mzee Égide ndiye aliyekuwa msimamizi wa makaburi kambini. Kila aliyezikwa, aliyeripotiwa na asiyeripotiwa, alimwandika katika daftari la shule, kwa jina lake la kweli. Alikuwa anasema ofisi unaweza kuidanganya, udongo huudanganyi. Aliletwa huku na mwanawe miaka sita iliyopita, wanakaa Mount Druitt, na tangu siku hiyo namkwepa. Nikimwona kwenye mlango huu natokea ule. Katika nchi hii nzima ni yeye peke yake aliyemweka dada yangu kaburini.

Leo hakukuwa na mlango wa pili. Alinipa mkono, akainama kidogo, akaniambia polepole, "Hujambo, Nahimana." Sijaitwa hivyo tangu niondoke Kigoma. Nilimchukia papo hapo. Nilimwona mzee mbaya, mzee wa kunichomea nyumba.

Na nani amejitolea kuyachapa majina kwenye kompyuta? Iteka. Ameinua mkono wa kwanza. Anafanya kazi katika ofisi ya ghala hapa Minto, vidole vyake vinakimbia. Watu wakampigia makofi, wakanipongeza mimi kwa malezi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Treni zimechelewa. Menija amenuna.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua.

Jumapili, 30 Machi

Iteka yuko meza ya jikoni na daftari la mzee. Limetoboka pembeni, linanuka moshi, na analishika kwa ncha za vidole. Anachapa matatu, ananiuliza huyu ulimjua, namwambia nilimjua, alikuwa mkunga, alikuwa mlevi lakini mcheshi, huyu alikuwa na sauti nzuri kuliko kwaya nzima. Anafurahi. Hajawahi kuniuliza habari za kambi kiasi hiki. Kuna saa nilisahau woga wangu kabisa, nikasimulia huku nacheka. Usiku wa leo amefika jina la kumi na nane. Nilichungulia alipokwenda kuoga: dada yangu ni wa arobaini na moja.

Ningeweza kuuchana ukurasa. Niliushika. Upande wa nyuma kulikuwa na majina ya watoto watano wa familia moja. Nikauacha.

Alhamisi, 3 Aprili

Imetokea, na nitaandika yote, hata la kujiaibisha.

Nilikuwa jikoni nachambua maharage. Iteka akacheka peke yake mezani. Nasikia, "Mama, njoo uone. Walishakuzika." Yeye alisema kwa Kiingereza, mimi naandika nilivyokisikia.

Nilikwenda nikipangusa mikono, ingawa haikuwa na maji. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari: 41. Ninahazwe Y. Kijiji C, bloku 4. Kipindupindu. Mwandiko wa Mzee Égide, herufi zimesimama wima. Iteka akasema hata bloku ni yetu. Akaniangalia akitabasamu, anangoja nimpe kisa kama nilivyompa visa vya wengine.

Nilikuwa na njia. Najua nilikuwa nayo. Ninahazwe ni wengi Burundi, ningesema ni mwingine, jirani tu, mwandike. Nilifungua mdomo. Lakini niliiona fomu ya Olivier: nani anamsainia, alihusiana naye vipi, kitambulisho kiko wapi. Wangewauliza waliokaa bloku ya nne, na bloku ya nne wako watatu hapa Sydney, mmoja hana kifua cha kuweka neno. Yote hayo yalinipita kichwani kwa muda wa kuchambua harage moja.

Iteka akauliza, "Kulikuwa na Ninahazwe mwingine bloku ya nne?"

Nikasema, "Hapakuwa. Mzee amekosea."

Akasema maskini mzee, labda alikuona unaumwa akaandika mapema. Kisha akabonyeza kidole kimoja, mara moja, na mstari ukaondoka, na wa arobaini na mbili akapanda juu kukaa mahali pake. Akaniambia, "Nimekutoa kaburini, Mama."

Nikamwambia, "Asante, mwanangu."

Mungu wangu, nilimshukuru. Yvette alikufa amemshika mtoto huyu unyayo, hakuweza tena kumbeba, akaushika unyayo tu. Na ni huyu huyu, kwa kidole chake, na mimi nimesimama pale na maharage. Nililala na nguo. Simlaumu Iteka hata chembe. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Walisema kweli, lakini hawakusema inaumaje.

Ijumaa, 4 Aprili

Sikwenda kazini. Nimesema ni tumbo.

Jumapili, 6 Aprili

Olivier, aliyeambiwa na Iteka, amemwuliza Mzee Égide mbele ya watu, kwa adabu, kama yawezekana amekosea na majina mengine, maana amemwandika Mama Iteka miongoni mwa wafu naye ndiye huyu amekaa mstari wa pili. Baadhi walicheka kidogo.

Mzee aliniangalia. Nilijua sasa ndiyo sasa, atasema. Nilijikunja kwenye kiti. Akasema, "Kama Mama Iteka amesema hivyo, basi ndivyo."

Ndiyo hayo tu. Akakaa. Mwanawe akaeleza kwamba siku hizi Baba anasahau bomba la maji likiwa wazi. Watu wakatikisa vichwa, wakamwonea huruma. Mzee aliyeandika wafu wetu miaka kumi na miwili bila kukosa hata mmoja, leo ameitwa msahaulifu kanisani, na mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Nilimwita mzee mbaya. Mbaya ni nani?

Jumamosi, 12 Aprili

Fomu zimefungwa. Majina ni sitini na mawili.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo ni sikukuu yao ya kukumbuka wanajeshi. Kaunsili ilitualika, kwa kuwa tutakuwa majirani wa mawe. Baridi ya asubuhi inauma masikio. Jiwe lao lina majina madogo madogo, mengine ya ndugu wawili watatu wa ukoo mmoja, na watu waliinamisha vichwa kana kwamba wamekufa juzi. Mama mmoja wa kaunsili aliniambia chini yake hakuna mfupa hata mmoja. Waliokufa walibaki mbali, ng'ambo, wengine hawakuonekana kabisa. Alisema mama zao walikuwa wanakuja hapa kugusa jina kwa kidole, kwa sababu ndicho kitu pekee walichopewa.

Nilimwambia nimeelewa. Nikaenda nyuma ya mti nikakaa kidogo.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya akina mama. Iteka ameniletea shali ya sufu na kadi. Shali ni nzuri. Kadi nimeificha.

Jumanne, 13 Mei

Nilikuwa na ofu kazini. Nilipanda treni mbili mpaka Mount Druitt kwa Mzee Égide, na kilo ya unga wa muhogo mkobani, maana huendi kwa mtu mzima mikono mitupu. Mwanawe alikuwa kazini ghalani. Mzee alikuwa amekaa karibu na hita, blanketi magotini. Nilimsalimu kwa mikono miwili, nikakaa chini kwenye zulia ingawa alinionyesha kiti.

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia yote, la maharage, la fomu, la kidole. Sikujitetea. Mzee alilivuta blanketi lake vizuri. Kisha akaanza kunisimulia siku ya mazishi. Kumbe mimi niliisahau nusu yake. Alisema mvua ilinyesha, shimo likajaa maji, wakayachota kwa sufuria. Alisema sanda haikutosha, nikavua kitenge changu mwenyewe nikamfunika miguu, nikarudi bloku na sketi ya ndani, mtoto mgongoni amefungwa kwa taulo. Alikumbuka mpaka rangi ya kitenge. Na huyu ndiye wanayemwita msahaulifu.

Nikamwuliza kama ananiwekea kinyongo. Akasema hapana, kambini sote tulikula kwa majina ya watu. Ila akasema, "Mimi nilimzika. Kumfukua kwa kalamu siwezi."

Olivier amempa heshima ya kuyasoma majina siku ya kulifunua jiwe. Nadhani ni kumfuta machozi. Wamemwandalia orodha ya Iteka, imechapwa kwa herufi kubwa. Mzee akasema ataiweka mfukoni na atasoma daftari lake. Katika majina sitini na matatu, kwenye upepo, nani atahesabu? Litapita kama mengine. "Jiwe ni la kaunsili," alisema. "Sauti ni yangu. Nitamtaja mara moja, mbele ya watu wake wote na mtoto wake akiwa amesimama pale. Wewe kazi yako ni moja tu. Nyamaza."

Nilicheka huku nalia. Nilimwambia kazi hiyo naijua, nina uzoefu wa miaka ishirini na mitano.

Treni ya kurudi sikuiona hata ilipita wapi. Kutajwa mara moja. Si jiwe, si kitu cha kugusa, lakini kitakuwa kimesemwa. Nimeomba kidogo tu, na kidogo hicho nimekipata.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua kubwa. Sherehe imeahirishwa.

Jumatano, 28 Mei

Nimepita bustanini na basi. Jiwe limefunikwa turubai la buluu na kufungwa kamba. Sikushuka.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua tena, bustani imejaa maji. Iteka anasema tarehe 14 bila kukosa. Mzee Égide ana kikohozi. Nimempigia mwanawe mara mbili, mpaka ameniuliza kwa nini. Nimemwambia mzee ni wetu sote.

Jumamosi, 7 Juni

Kikohozi kimepungua.

Jumamosi, 14 Juni

Jua lilitoka, la baridi, lisilopasha. Tulikuwa watu kama mia. Nilivaa shali ya Iteka. Walikata kamba, turubai likaanguka, na jiwe ni zuri, jeusi, limeng'arishwa unajiona sura. Watu walikimbilia majina yao. Mwanamke mmoja alilitia busu. Mimi nilisimama mahali ambapo kati ya wa arobaini na wa arobaini na mbili wa daftari hapana nafasi hata ya ukucha, nikarudi nyuma.

Mzee Égide akaja mbele na fimbo. Olivier alimshikia kipaza sauti. Mzee akatoa daftari, lile la moshi, na Olivier hakusema kitu. Akaanza.

Alisoma vizuri. Alisoma jina, kijiji, bloku, kisha kimya kidogo, kisha jingine. Hakuna aliyejibu, hakuna aliyekohoa. Iteka alikuwa kando yangu amenishika mkono. Nilihesabu kwa vidole vya mkono mwingine ndani ya shali. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Nilijiambia, nyamaza tu, mwanamke. Simama na usikie.

Hapa lazima nieleze, maana hata mimi ninajaribu kuelewa. Kambini siku ya posho karani alisoma hivyo hivyo, kwa kipaza sauti hivyo hivyo: jina, kijiji, bloku, kisha kimya. Kile kimya kidogo kilikuwa chako. Ulikuwa na pumzi moja ya kujibu. Ukichelewa anakupita, na unga wako unarudi kwenye lori, na mtoto analala hivyo mpaka mgao mwingine. Miaka minane nilisimama kwenye foleni ile na Iteka mgongoni, baadaye mkononi, sikio limesimama, nikiogopa kukosa kulisikia jina lisilo langu. Sikulikosa hata siku moja.

"Ninahazwe Yvette," mzee akasoma. "Kijiji C. Bloku nne."

Kimya.

"Nipo."

Nilisema kwa nguvu. Mkono wangu ulikuwa juu.

Sijui kama ni mazoea au ni woga. Nimekaa hapa saa tatu najiuliza na sijui. Mdomo ulijibu, mimi nikausikia pamoja na watu wengine.

Watu walicheka. Si kicheko cha ubaya, kilikuwa kicheko cha watu waliochoka kulia, na kilienda mpaka nyuma. Iteka alinikumbatia, anacheka na machozi, ananiambia uko hai Mama, uko hai, usiende. Olivier akamwendea mzee taratibu, akalichukua daftari mkononi mwake, akalifunga, akaomba radhi kwa mgeni wa kaunsili kwa Kiingereza. Akamshika mzee kiwiko akamketisha. Mzee hakubisha. Aliniangalia mara moja, bila hasira, ningependa ingekuwa hasira.

Nilikuwa na nafasi tena hata hapo. Kicheko kilipokwisha palikuwa na kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Ningesema si mimi, ni dada yangu, someni tena. Nilisimama na shali yangu.

Olivier akampa Iteka nakala ya orodha iliyochapwa. Iteka akaenda mbele, akanipungia mkono kidogo, akaendelea kuanzia jina lililofuata. Sauti yake ni ya Yvette, hilo sijawahi kumwambia mtu. Alisoma mpaka mwisho bila kukosea.

Nimemjibia dada yangu kwa mara nyingine, na safari hii hapakuwa na unga.